Sarafu ya Sirakusa yenye herufi RR ukingoni: ni ya kale, ni feki, au ni nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Leicester, kwetu Unguja. Nilinunua boksi la vifungo na makorokoro ya shaba kwenye mnada wa vitu vya nyumbani, na ndani yake nikakuta sarafu kubwa ya rangi ya fedha. Upande mmoja una kichwa cha mwanamke na samaki wanne, upande wa pili gari la farasi. Uzito wake ni gramu 39.8, upana milimita 36. Ukingoni kuna mstari mwembamba unaoizunguka yote, na herufi mbili ndogo sana, RR. Kwenye shavu na nywele za yule mwanamke rangi ya fedha imekwisha, panaonekana wekundu. Muuza sarafu wa kwanza aliniambia ni feki, niitupe. Wa pili alitaka kunipa paundi thelathini papo hapo, nikaingiwa na wasiwasi. Shemeji yangu wa Maskati anasema ni riale ya zamani, nimpelekee sonara aifanye kidani. Ni kitu gani hasa, ni ya lini, na niifanye nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usiitupe, usiiuze kwa hiyo thelathini, na kwa sonara usiipeleke kabisa. Ulichonacho ni nakala ya sarafu ya Kigiriki ya mji wa Sirakusa, Sisilia. Imetengenezwa London na fundi aliyefanya kazi na British Museum, na imetolewa moja kwa moja juu ya sarafu halisi. Hizo herufi RR ni za jina lake: Robert Ready. Kwa hiyo muuzaji wa kwanza hakukosea kusema si ya kale, ila neno “feki” halikufaa. Feki hutengenezwa ili mtu adanganywe. Hii ilitiwa alama na aliyeitengeneza ili asidanganywe mtu.

Nikueleze kwanza ni nakala ya nini, maana bila hapo mengine hayataeleweka. Sirakusa ni mji uleule ambao Paulo alikaa siku tatu akielekea Rumi, kwenye Matendo 28:12. Miaka zaidi ya mia nne kabla yake ulikuwa mji wa Kigiriki wenye nguvu kuliko yote Sisilia, na ndio ulioangamiza jeshi la Athens mwaka 413 K.K. Baada ya ushindi huo, mwishoni mwa karne ya 5 na kuingia karne ya 4 K.K., Sirakusa ilitoa sarafu nzito za fedha za drakma kumi, dekadrakma. Drakma moja ilikuwa na gramu 4.3 hivi, kwa hiyo kumi zinakupa gramu 43. Wataalamu wa zamani walizifunga na michezo ya kusherehekea kushindwa kwa Athens. Siku hizi wengi huziweka wakati wa Dionysios wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 405 hadi 367 K.K.

“Samaki” wako ni pomboo. Kichwa kilichozungukwa nao kwa kawaida huitwa Arethusa, binti wa chemchemi iliyoko Sirakusa hadi leo, ingawa wapo wanaosema ni Persephone, binti wa mungu wa kike wa nafaka, kwa sababu ya majani yaliyomo kwenye nywele zake. Upande wa pili farasi wanne wanakwenda mbio kuelekea kushoto, na juu yao Nike, mungu wa kike wa ushindi, anaruka kumvika mwendeshaji taji. Chini ya mstari wa ardhi zimepangwa silaha: ngao, deraya, kofia ya chuma, vikinga miguu. Kwenye sarafu chache zilizogongwa vizuri husomeka pale chini neno ΑΘΛΑ, zawadi za mashindano.

Waliochonga mihuri ya kugongea sarafu hizi walikuwa mafundi wenye majina, na hilo ni jambo adimu mno kwa kazi ya kale. Walitia sahihi. Mmoja ni Kimon, mwingine Euainetos. Mwanamke wa Kimon utamjua kwa nywele zilizofungwa kwenye wavu na utepe mbele ya paji la uso. Wa Euainetos ana nywele zilizoachiwa, mawimbi mazito yenye majani membamba yaliyochomekwa katikati. Ya kwako ni ya Euainetos bila ubishi. Nyuma ya shingo kwenye picha uliyonitumia kuna kigamba cha chaza. Kishike kichwani, tutakirudia.

Sasa tuje ukingoni, ambako watu wengi hawaangalii. Sarafu halisi ya kale iligongwa: kipande cha fedha kiliwekwa juu ya muhuri wa chini, muhuri wa juu ukashikiliwa, nyundo ikashuka. Fedha ikatawanyika kando ikipasuka hapa na pale, na ukingo ukabaki wa mviringo usio sawa, wa pande moja imara. Hakuna namna ambavyo kupigwa nyundo kungeacha mstari unaozunguka ukingo mzima kama ule wa kwako. Nimeikuza picha yako. Mstari haupiti katikati kabisa, unapanda na kushuka kidogo, na upande wa kulia wa herufi RR kuna sehemu ndogo ambapo fundi alipitisha tupa kuusawazisha, mikwaruzo yake midogo sambamba bado ipo. Hicho ni kiungo. Sarafu yako ni magamba mawili, uso na mgongo, yaliyojazwa metali nyingine ndani na kuunganishwa.

Nakala ya namna hii huitwa elektrotaipu. Ufundi wenyewe ulitangazwa mwaka 1838 na Moritz Jacobi huko St Petersburg, na karibu wakati huohuo Uingereza nayo ikawa na watu wake walioufikia kwa njia yao. Fundi anachukua sarafu halisi na kuikandamiza kwenye nta, au kwenye utomvu mgumu wa gutta-percha uliolainishwa kwa joto. Anapata kalibu yenye sura ya sarafu kinyumenyume. Nta haipitishi umeme, kwa hiyo anaipaka unga laini wa grafiti, kisha anaining'iniza kwenye maji ya mrututu, ule wa buluu wanaonyunyizia kahawa na mizabibu. Kando yake anatia kipande cha shaba, anaunganisha betri. Umeme unaihamisha shaba chembe kwa chembe hadi kwenye kalibu. Baada ya muda anabandua gamba jembamba la shaba lenye kila kitu kilichokuwapo kwenye sarafu, hadi mkwaruzo wa ukucha. Anafanya hivyo kwa kila upande, anajaza migongo ya magamba kwa risasi au mchanganyiko wa risasi na bati, anayaunganisha, anapiga tupa ukingo, halafu anachovya fedha kama chanzo ni cha fedha, au dhahabu kama ni cha dhahabu.

Uzuri wake ni kwamba hakuna metali inayoyeyushwa kwa ajili ya ile sura. Metali iliyosubiwa hunywea ikipoa, ndiyo maana nakala ya kusubu huwa ndogo kidogo kuliko chanzo, herufi zake zimelegea, na kwenye uso kuna vitobo vya hewa. Elektrotaipu hainywei. Inatoka kipimo kilekile.

Na hapa ndipo vipimo vyako viliponifurahisha. Uliponitumia uzito, nilikuomba uweke kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri, kisha uizamishe sarafu ikiwa imening'inia kwenye uzi bila kugusa chini. Ukaniambia mizani imesoma 4.1, na kwamba vipovu vichache vilitoka ukingoni. Hiyo 4.1 ndiyo ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawa 39.8 kwa 4.1, unapata densiti, yaani uzito wa kila sentimita ya ujazo, ya gramu 9.7. Fedha safi ni 10.5, na dekadrakma zilikuwa za fedha nzuri, kwa hiyo ungetegemea 10.3 au 10.4. Shaba ni karibu 9, risasi ni 11.3. Yako imekaa katikati ya shaba na risasi, mahali ambapo elektrotaipu inapaswa kukaa.

Lakini hesabu haijaisha. Chukua ujazo uleule, 4.1, uzidishe kwa 10.4, yaani jifanye kwamba sarafu yako ingekuwa fedha tupu. Unapata gramu 42.6. Huo ndio uzito wa dekadrakma halisi! Maana yake umbo la kitu kilichomo mkononi mwako, unene na upana, ni umbo la sarafu ya kweli iliyopimwa drakma kumi Sirakusa. Kilichobadilika ni metali tu. Mtu anayechonga bandia kwa kuangalia picha hapati hilo kwa bahati. Na vile vipovu ni hewa iliyokuwa imebaki kati ya magamba na risasi, imetoka kupitia kwenye kiungo. Natumaini uliikausha vizuri kama nilivyokuomba. Hilo la maji lifanywe mara moja, lisirudiwe.

Wekundu wa shavuni unalingana na haya yote: fedha iliyochovywa ni utando mwembamba, na unaisha kwanza mahali palipoinuka zaidi, shavu, mawimbi ya nywele, mgongo wa pomboo. Ila nakuonya usije ukautumia peke yake kama ushahidi siku nyingine. Wagiriki wenyewe walikuwa na sarafu za shaba zilizovikwa fedha. Athens, ilipobanwa na vita mwishoni mwa karne ya 5 K.K., ilitoa za aina hiyo, na waghushi wa enzi hizo hawakukaa nyuma. Shaba kuonekana chini ya fedha inakuambia fedha haiko hadi ndani. Haikuambii ni ya lini.

Kuna alama moja zaidi nataka uitazame mwenyewe kwa lupu, kile kioo cha kukuzia, kwa sababu kwenye picha naiona nusu. Juu ya kichwa cha Arethusa, karibu na ukingo, kuna ufa. Kwenye sarafu iliyogongwa, ufa wa namna hiyo ni mpasuko wa fedha yenyewe: una kingo kali, unakwenda chini, na ukiigeuza sarafu kwa ubavu unauona umetokeza ukingoni. Kwenye ya kwako, nadhani utaukuta umeishia kabla ya kiungo, chini yake pamejaa na pamelainika. Nta haikuweza kuingia hadi mwisho wa ufa, kwa hiyo gamba la shaba limenakili ufa mpaka pale nta ilipofika, basi. Usichanganye na ile mistari iliyoinuka, mmoja unaopita mbele ya kidevu. Mstari ulioinuka ni ufa wa muhuri: muhuri wenyewe ulipasuka, fedha ikaingia kwenye mpasuko, na kila sarafu iliyogongwa baada ya hapo ikatoka na mstari huo. Ufa ulioingia ndani ni wa sarafu moja tu. Ulioinuka ni wa ndugu zake wote waliozaliwa na muhuri huo.

Robert Ready alianza na kunakili mihuri ya nta ya nyaraka za kale, akaingia kufanya kazi na British Museum karibu na mwaka 1859, na wanawe wakaiendeleza kazi hadi karne ya 20. Jumba hilo lilikuwa na shida ambayo makumbusho yote yanayo: umma unataka kuona sarafu bora, na sarafu bora ni ndogo, za thamani, na rahisi kuingia mfukoni. Isitoshe, sarafu ikilala kwenye kabati la kioo unaiona upande mmoja tu. Kwa magamba ya elektrotaipu unaweza kupanga uso na mgongo kando kwa kando, na chanzo kikabaki kwenye stoo. Wakafanya hivyo kwa sarafu teule za Kigiriki, na Barclay Head, mtaalamu wa sarafu wa jumba hilo, akaandika mwongozo wa maonyesho hayo uliotoka mwaka 1880. Vyuo, makumbusho mengine na watu binafsi waliweza kununua nakala. Dekadrakma ya Sirakusa ilipendwa mno, kwa kuwa wengi, nami nimo, wanaiona ndiyo sarafu nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka mkononi mwa binadamu.

Alama RR ilitiwa ukingoni kuitenga nakala na chanzo. Utakutana pia na MB, yaani Museum Britannicum, kwenye nyingine. Ya kwako basi ni ya nusu ya pili ya karne ya 19, au kwa kuchelewa sana miongo ya kwanza ya karne ya 20. Si mtoto. Ujue pia kwamba wapo walionunua nakala hizi, wakapiga tupa ukingo mpaka herufi zikapotea, wakaziuza kama halisi. Ndiyo maana nikiletewa sarafu yenye ukingo uliosuguliwa sana naanza kushuku kabla sijatazama sura.

Kwa shemeji yako wa Maskati, mpe heshima yake lakini hapana. Naelewa alikotoka. Sarafu kubwa ya fedha, kichwa cha mwanamke, mtu wa Oman au wa Unguja akili inakwenda kwenye riale ya Shamu, ile ya Maria Theresa iliyotembea Bahari ya Hindi yote na Uhabeshi. Yeye ni malkia wa Austria aliyevaa shela na bruchi ya vito begani, na maandishi yake ni Kilatini. Ya kwako ni Kigiriki, ΣΥΡΑΚΟΣΙΩΝ, “ya Wasirakusa”. Riale hiyo ina gramu 28 tu. Ila kuna funzo ndani yake kwa yeyote mwenye sarafu ya urithi sandukuni: Maria Theresa alikufa mwaka 1780, na mwaka huohuo ukaendelea kuandikwa kwenye riale zilizogongwa Rome, London, Bombay na Birmingham katika karne ya 20, na Vienna hadi leo. Mwaka ulioandikwa juu ya sarafu hauwi cheti cha kuzaliwa.

Kwa nini nina uhakika si kazi ya waghushi maarufu? Kwa sababu wao hawakufanya hivi. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyezaliwa Speyer mwaka 1772, alichonga mihuri yake mwenyewe ya chuma, mamia, na kugonga sarafu kwa fedha halisi. Wakati mwingine aligonga juu ya sarafu za kale za bei rahisi ili metali nayo iwe ya kale. Inasimuliwa kwamba alizitia kwenye kisanduku chenye mafuta na vumbi la chuma, akakifunga chini ya gari lake la farasi, na kuzisafirisha mpaka zikachakaa kwa adabu. Mihuri yake iliishia kwenye makumbusho ya Berlin. Athens mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwapo Christodoulos, naye wa mihuri, kazi yake ikaanikwa na Ioannis Svoronos mwaka 1922. Sarafu za hawa ni za pande moja imara, uzito wake unaweza kuwa sawasawa kabisa, na kosa lao unalikuta kwenye mkono wa mchongaji: sura inafanana na ya Euainetos lakini haitoki kwenye muhuri wowote wa Euainetos unaojulikana. Yako inatoka. Kigamba cha chaza nyuma ya shingo ni alama ya baadhi ya mihuri yake halisi.

Za kisasa hazihitaji maneno mengi. Za watalii ni nyepesi, kijivu, za kusubu, na baadhi ya zile za Uingereza zina herufi WRL juu ya uso. Za Marekani zilizotoka baada ya sheria ya mwaka 1973 zinatakiwa ziwe na neno COPY. Kukosekana kwa neno hilo hakumaanishi chochote kwa kitu kilichotengenezwa zamani kuliko sheria hiyo.

Sasa kazi iliyobaki, na ndiyo tamu. Elektrotaipu ina mama. Haikunakili “dekadrakma ya Sirakusa” kwa jumla. Ilinakili sarafu moja, yenye ufa wake, pomboo wake aliyekatwa mkia, na mikwaruzo yake. Hakuna sarafu mbili za kale zilizotoka sawa chini ya nyundo. Sarafu za British Museum zina kurasa zake kwenye intaneti pamoja na picha, na dekadrakma za Sirakusa zilizomo unaweza kuzipitia kwa jioni moja. Anza na zenye kigamba cha chaza, nyingine uziache. Kisha usitazame uzuri wa uso, utababaika, maana zote zinafanana. Tazama pembeni: umbo la duara, ni pomboo gani kakatwa na ukingo na kakatwa wapi, herufi gani za ΣΥΡΑΚΟΣΙΩΝ zimetoka nje ya sarafu, ule ufa wa juu uko saa ngapi ukiifanya sarafu kuwa saa ya ukutani. Upande wa gari, tazama silaha zilizobaki chini ya mstari: kwenye picha yako deraya ipo, ngao imekatwa nusu. Vitu vitatu vikikubali, kimoja kikakataa, si mama yake. Vikikubali vyote, umempata, na hakuna mtaalamu atakayekubishia. Usisahau kulinganisha upande wa pili pia. Magamba mawili yaliunganishwa kwa mkono, na imewahi kutokea uso wa sarafu moja ukafungwa na mgongo wa nyingine.

Ukikwama, andika barua pepe kwa idara ya sarafu ya jumba hilo, iitwayo Money and Medals. Wana chumba cha kusomea ambacho mtu wa kawaida anaingia kwa miadi, na kutoka Leicester hadi London ni treni moja. Oxford, makumbusho ya Ashmolean nayo yana chumba cha sarafu, na Cambridge yapo makumbusho ya Fitzwilliam. Peleka sarafu ikiwa kama ilivyo.

Kuhusu pesa. Dekadrakma halisi ya Euainetos ikiwa nzuri huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na za hali ya juu hupita hapo. Hiyo si ya kwako. Elektrotaipu za British Museum zina wakusanyaji wake wenyewe, na kwa sarafu inayopendwa kama hii bei inakwenda kwenye makumi ya paundi hadi mamia kadhaa, kutegemea fedha iliyobaki juu yake na kama alama ya RR inasomeka. Yule wa pili alijua anachokiona. Ndiyo maana hakusema ni feki na hakukuacha ufikiri. Sina kinyongo naye, biashara ni biashara, lakini angekuambia hizo herufi ni nini kwanza. Ukiamua kuuza, ipeleke kwenye mnada wa sarafu unaoandika maelezo kamili, na iandikwe waziwazi kuwa ni elektrotaipu ya Ready. Kuiuza bila kusema hivyo ni kosa, hata kama mnunuzi hakuuliza.

Utunzaji ni mdogo ila una masharti. Usiisugue kwa dawa ya fedha wala dawa ya meno wala majivu: utando wa fedha uliobaki ni mwembamba na hautarudi. Weusi uliopo uache. Usiiweke kwenye vifuko laini vya plastiki vya PVC, vinatoa majimaji yanayoiozesha shaba ikawa kijani. Na usiiweke kwenye kasha la mti wa mwaloni au kadibodi ya ovyo, hata kama linapendeza. Mvuke wake una asidi, na risasi iliyo ndani haiipendi. Ukiona unga mweupe umejitokeza kwenye ule mstari wa ukingo, hiyo ni risasi inaoza. Usiupulize, usiuguse kwa vidole vitupu, osha mikono, na uipeleke kwa mhifadhi wa makumbusho.

Kuhusu kidani, sonara akitaka kulehemu pete ya kuning'inizia atatumia moto. Risasi inayeyuka kwenye nyuzijoto 327, na lehemu iliyoshika magamba inaachia kabla ya hapo. Utarudishiwa vipande viwili vya shaba na tone la kijivu. Kama moyo umependa kuivaa, mwambie akutengenezee fremu ya kubana ukingo bila moto na bila kutoboa, ila fremu hiyo itazifunika RR na kiungo, na watakaoiona watakuuliza swali lilelile uliloniuliza mimi. Bora utafute boksi dogo la kadi isiyo na asidi. Ndani yake weka kikaratasi chenye uzito, upana, ile 4.1 ya maji, mahali ulipoinunua, na namba ya mama yake kwenye orodha ya British Museum utakapoipata. Namba hiyo nitumie na mimi.